Mwenye Kiasi Ni Nani, Mahali Ambapo Kila Kitu Kinapimwa?

 

Katika toleo hili tumeonelea tujibu swali lililotoka kwa vijana wetu wa darasa la Biblia. Wengi wao husoma shuleni kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida hapa Uganda. Wazazi wao husoma Biblia ya Kiswahili, na baadhi ya wazee waliotoka Kongo bado wanashika ile ya Kifaransa. Tulipofika Tito sura ya 2, pale Paulo anapotaja tabia zinazowapasa wazee, kijana mmoja aliyekuwa na Biblia ya Kiingereza akakuta neno “temperate”. Akashangaa, maana neno hilo alilijua kutoka somo la jiografia. Nchi zilizo “temperate” ni zile za katikati, kati ya joto la ukanda wetu na barafu ya kaskazini au kusini kabisa, kama Uingereza na Ufaransa. Akauliza, je, wazee wa kanisa wanatakiwa wafanane na hali ya hewa ya Ulaya?

Watu walicheka. Lakini mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliongeza swali lake, na hilo halikuchekwa. Alisema kwamba Biblia yake ya Kiswahili inasema wazee wawe na kiasi, na yeye anataka kujua maana yake kwa mtu wa makazi ya wakimbizi. Unga unapimwa, sabuni inapimwa, kiwanja cha nyumba kinapimwa. Mtu ambaye hana cha kuzidisha, anafundishwa kiasi cha nini?

Swali la kijana ni la maana ya neno, na la mama ni la maisha. Tutaanza na la kwanza, kwa sababu linafungua njia ya la pili.

NENO LENYEWE

Neno “temperate” lilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Kitenzi chao “temperare” kilikuwa na maana ya kuchanganya vitu kwa uwiano unaofaa, na pia kuzuia kitu kisipite mpaka. Watu wa siku zile walikuwa na desturi ya kuchanganya divai na maji, ili isiwe kali mno wala isiwe maji matupu. Kutoka mzizi huo huo Kiingereza kimepata neno la joto la mwili linalopimwa hospitalini, “temperature”, na neno la hasira, “temper”. Waingereza wakimwona mtu amewaka kwa hasira husema amepoteza “temper” yake, yaani ule mchanganyiko uliokuwa sawa ndani yake umeharibika.

Wahunzi nao wanalitumia neno hilo. Fundi anayetengeneza panga huchoma chuma cha pua hadi kiwe chekundu, kisha hukitumbukiza majini au katika mafuta. Kinakuwa kigumu sana, lakini ukikigonga juu ya jiwe kinaweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo fundi hukirudisha motoni, safari hii kwa moto mdogo, mpaka ule ugumu upungue kidogo na panga liweze kustahimili pigo. Kazi hiyo ya pili ndiyo Waingereza wanaiita kwa neno hili. Tuikumbuke, maana tutairudia.

Paulo hakuandika Kiingereza wala Kilatini, aliandika Kiyunani. Katika Kiyunani kuna maneno matatu ambayo Biblia yetu ya Kiswahili huyafasiri mara nyingi kwa neno hili moja, kiasi. La kwanza lilikuwa na maana ya kutolewa na divai, akili isiyo na ulevi. La pili limejengwa na maneno mawili, “salama” na “akili”. Yaani mtu ambaye akili yake iko salama. La tatu limejengwa juu ya neno la nguvu au utawala. Yaani mtu anayejitawala. Hili la tatu ndilo lililo mwishoni mwa orodha ya tunda la Roho, Wagalatia 5:23.

Na neno letu la Kiswahili? Kiasi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kipimo. Sokoni tunauliza, “Ni kiasi gani?” Kwa hiyo tukimwita mtu mwenye kiasi, tunasema kwamba ndani yake kuna kipimo. Watu wanaweza kupimiwa vitu na mwingine, lakini mwenye kiasi ana kipimo chake mwenyewe. Hapo ndipo jibu la yule mama linapoanza kuonekana.

UCHACHE SI KIASI

Wengi wetu tunakumbuka jinsi mgao ulivyopungua katika makazi ya Uganda. Aprili 2020 ulikatwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukafika asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na mwaka 2025 watu wengi sana waliondolewa kabisa katika orodha. Kipimo kinachotumika duniani kwa chakula cha dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kila nyumba inajua yenyewe ilipungukiwa kwa umbali gani na kipimo hicho.

Sasa, je, mtu ambaye mgao wake umekatwa nusu amekuwa na kiasi mara mbili zaidi ya alivyokuwa mwanzo? Hapana. Sahani yake imepungua, lakini moyo wake unaweza kuwa vile vile, au unaweza kuwa umeharibika kwa uchungu, au unaweza kuwa umekua. Kopo la kupimia halituambii lolote juu ya hilo. Mfungwa asiyelewa kwa sababu gerezani hakuna pombe bado hajajitawala. Ametawaliwa na ukuta.

Marekani ilijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Kuanzia 1920 hadi 1933 sheria ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Wengi walioipigania walikuwa Wakristo wenye nia njema, waliochoshwa na kuona watoto wanalala njaa kwa sababu baba amekunywa mshahara. Lakini biashara ya magendo ilistawi, majambazi wakatajirika, na mwishowe sheria ikafutwa. Hata huku kwetu Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, na Uganda mwaka 2019. Hatusemi sheria hizo hazina faida. Kiroba cha bei ndogo kiliangamiza vijana wengi. Tunasema tu kwamba sheria inaweza kuondoa chupa mezani, lakini haiwezi kumpa mtu kipimo ndani yake.

Tena Biblia haisifu umaskini kana kwamba ni shule ya utakatifu. Katika Mithali 30 mzee Aguri anamwomba Mungu asimpe utajiri wala umaskini. Anaogopa kwamba akishiba atamkana Bwana, na akiwa maskini ataiba. Mtu huyo alijua kwamba njaa nayo ni jaribu. Basi yeyote anayewaambia wakimbizi kwamba heri mgao mdogo, maana unawafundisha kiasi, huyo hajamsoma Aguri.

KIPIMO KIMOJA HAKIWAFAI WOTE

Kuna mwalimu wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, jina lake Aristotle. Alifundisha kwamba wema mara nyingi hukaa katikati ya makosa mawili, moja la kuzidi na moja la kupungua. Lakini aliongeza jambo ambalo watu husahau. Katikati hiyo si namba moja kwa wote. Alitoa mfano wa Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri. Chakula ambacho ni kidogo kwa Milo kinaweza kuwa kingi mno kwa mtu anayeanza mazoezi. Kwa hiyo mwenye hekima haulizi tu, “Ni kiasi gani?” Anauliza pia, “Ni kwa nani, na kwa wakati gani?”

Mama anayenyonyesha akila sahani mbili, yuko ndani ya kiasi. Baba akila sahani moja tu lakini ameila mbele ya watoto ambao hawajapata, amekwisha kukipita kiasi. Jirani akitengeneza sherehe ya mtoto wake kwa soda kreti moja, tusimhukumu kwamba anajionyesha. Labda hiyo ndiyo furaha ya kwanza katika nyumba hiyo tangu walipovuka mpaka.

Katika Kutoka 16 Waisraeli nao walikuwa watu wa kupimiwa. Walikuwa wamekimbia, wakawa jangwani, na mana ikapimwa pishi kwa kila mtu. Aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kuweka hadi asubuhi, kinyume cha agizo, waliikuta imeingia mabuu. Lakini angalieni kwamba kipimo kile kilitosha. Hakuna aliyelala njaa. Mungu alipowafundisha watu wake kiasi, aliwafundisha kwanza kwa kuwashibisha.

KIASI KILIHUBIRIWA KWA NANI?

Fungueni Matendo sura ya 24. Paulo amefungwa huko Kaisaria. Liwali Feliki anakuja pamoja na mkewe Drusila, anamwita Paulo, anataka kumsikiliza. Mwanahistoria Myahudi Yosefo ameandika kwamba Drusila alikuwa mke wa mfalme mwingine, na Feliki alimvuta akamwacha mume wake. Luka naye anatuambia kwamba Feliki alitumaini Paulo atampa rushwa, na kwamba alimwacha kifungoni miaka miwili.

Mbele ya mtu huyo Paulo alinena juu ya mambo matatu: haki, kiasi, na hukumu itakayokuja. Feliki akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake kwanza.

Wapendwa, ni nani hapa anayehubiriwa kiasi? Ni mwenye madaraka, aliyechukua mke wa mtu na anayengoja bahasha. Anayehubiri ndiye aliyefungwa minyororo. Na kiasi hakikutajwa peke yake. Kilitajwa baada ya haki na kabla ya hukumu. Sisi tumezoea kusikia neno hili likishuka kutoka juu kwenda chini: wenye vyakula wanawaambia wenye njaa wawe na kiasi, wakubwa wanawaambia wadogo. Paulo aliligeuza. Kama kiasi ni kujitawala, anayekihitaji zaidi ni yule ambaye hakuna mwingine wa kumzuia.

Kwa hiyo kuna matumizi ya neno hili ambayo kanisa linapaswa kuyakataa. Mwanamke akipigwa nyumbani akaja kwa wazee, wazee wakamwambia arudi na awe na kiasi, wamelitukana neno la Mungu. Aliyekosa kiasi ni yule aliyeinua mkono. Binti akiombwa mwili wake ili jina lake liingizwe katika orodha fulani, halafu akaambiwa anyamaze kwa kiasi, hapo hakuna kiasi. Kuna uovu unaofunikwa. Familia iliyokatwa katika mgao bila sababu ikienda kuuliza kwa mwenyekiti, kwa adabu na kwa kurudia, haijakosa kiasi. Kukaa kimya si sawa na kujitawala. Mara nyingine mtu aliyejitawala ndiye anayeweza kusema hadi mwisho, kwa sababu hasira haijamnyang’anya maneno.

KINACHOBAKI MIKONONI MWETU

Basi tumjibu yule mama. Ni kweli kwamba vitu vingi tumepimiwa na wengine, na si vyote vimepimwa kwa haki. Lakini viko vingine ambavyo hakuna aliyetupimia, na kopo lake bado limo mikononi mwetu.

Kwanza ni ulimi. Katika makazi yetu wanaishi watu wa nchi nyingi na makabila mengi, na baadhi yao walikuwa pande mbili za vita moja. Uvumi ukitoka mtaa wa kwanza asubuhi, jioni umefika mtaa wa mwisho ukiwa umeota pembe. Anayeusikia na kuuzima, huyo ana kiasi, hata kama hajala tangu jana. Na kuna ndugu ambaye hajaonja waragi wala kasiksi tangu azaliwe, lakini ulimi wake umelewa kila siku.

Hilo tunalisema kwa sababu neno hili lilifinywa. Katika miaka ya 1800 vyama vya kupinga ulevi vilienea Marekani na Uingereza, vikijiita kwa neno hilo hilo la kiasi. Mwanzoni vingi vilipinga pombe kali tu. Mwaka 1832, katika mji wa Preston huko Uingereza, Joseph Livesey na wenzake waliweka ahadi ya kuacha kila aina ya kileo. Kazi yao iliokoa nyumba nyingi, na makanisa yetu mengi yamerithi msimamo huo. Lakini watu wakaanza kudhani kwamba asiyekunywa amekwisha kufika. Tunda la Roho ni pana kuliko hapo.

Pili ni pombe yenyewe. Hatutaipita kana kwamba si shida. Tunajua baba anayepokea fedha za mgao leo na kesho hazipo. Tunajua pia mama anayepika pombe ili mtoto apate daftari na sare. Kumkaripia mama huyo bila kumsaidia kupata kazi nyingine ni rahisi, na hakubadilishi kitu. Kanisa likitaka aache, kanisa lianze naye biashara ya maharage au sabuni. Na yule baba asitengwe. Mwenzake akae naye siku ya malipo, watembee pamoja hadi dukani, warudi pamoja nyumbani. Kujitawala kunaweza kuanza kwa kushikwa mkono.

Tatu ni huzuni na hasira. Aristotle tuliyemtaja alitofautisha watu wawili. Mmoja ana tamaa kali inayomvuta vibaya, naye anaishika kwa nguvu isimshinde. Mwingine, tamaa zake zenyewe zimekwisha kupangika, havutwi tena. Huyu wa pili aliona ni bora zaidi. Lakini sisi tuliopoteza ndugu, mashamba na makaburi ya wazazi, wengi wetu tuko katika hali ya yule wa kwanza. Usiku kumbukumbu zinakuja, na mtu anatamani kulipiza. Asubuhi anaamka, anakutana bombani na mtu wa kabila la waliomchomea nyumba, anamsalimu, anampisha achote maji. Moyo wake haujatulia bado. Wako watakaosema huo ni unafiki. Sisi tunaona ni vita ambayo ameshinda siku hiyo, na kesho ataipigana tena. Tusimdharau anayeshindana, Mungu anamwona.

Tumkumbuke hapa yule mhunzi. Tuliyopitia yalikuwa moto mkali, kisha maji ya baridi ya ghafla. Mtu anaweza kutoka humo akiwa mgumu sana: halii, haombi msaada, hacheki na watoto wake. Watu wanamsifu kwamba ana moyo wa chuma, wanadhani ndicho kiasi. Lakini chuma kilichoishia hapo huvunjika. Anahitaji kurudishwa kwenye moto mdogo, yaani mazungumzo, maombi ya jumuiya, mtu wa kumsikiliza, wimbo, hata machozi. Kiasi hakimkatazi mtu kulia. Bwana wetu alilia alipokuwa akienda kwenye kaburi la Lazaro, na watu wakamwona.

Kwa hiyo yule kijana naye apate jibu lake. Ndiyo, wazee wanatakiwa wafanane na nchi isiyo ya moto mno wala baridi mno. Mtu akifika kwao amekimbia jua kali, apate kivuli. Akifika anatetemeka kwa baridi, apate pa kuota moto. Nasi sote tunaitwa huko, wazee na vijana, tuliomo katika orodha na tuliokatwa.

Mama aliyeuliza tunamshukuru sana. Asiache kuuliza mgao wake, na sisi tutakwenda naye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA

1. Ni wakati gani neno “kiasi” limetumika nyumbani kwetu kumnyamazisha mtu aliyekuwa na haki ya kusema?

2. Someni Matendo 24:24–27. Kwa nini Feliki aliogopa, na kwa nini hakubadilika?

3. Kila mmoja ataje jambo moja ambalo kopo lake limo mkononi mwake mwenyewe wiki hii.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi nyote. Amina.